Springi Haziui Pampu

Kwetu Kindu, gari jipya lilikuwa halihesabiwi kuwa gari mpaka lipitie mikononi mwetu. Lilifika kwa treni kutoka kusini, limefungwa minyororo juu ya behewa, na mwenyewe alikuwa akilisubiri stesheni amevaa nguo za Idi. Hakulipeleka nyumbani. Alilileta moja kwa moja gereji, nasi tukalipandisha juu ya magogo kwa siku mbili. Tuliongeza majani ya springi nyuma, yaani vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, ili libebe mara mbili ya uzito lilioandikiwa, tukachomelea bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasiitoboe, na kama mwenyewe alikuwa mtu wa njia mbaya tuliinua na bomba la moshi. Baada ya hapo ndipo alipoitwa shehe kulisomea dua. Kuliacha gari kama lilivyotoka kiwandani kulionekana uzembe. Waliolitengeneza hawazijui barabara za Maniema, tulikuwa tukisema, na kweli walikuwa hawazijui.

Ndani ya kila gari kulikuwa na kijitabu cha dhamana. Kiwanda kiliahidi kwamba kitu kikiharibika kabla ya mwaka kwisha, kitatengenezwa bure. Lakini kiwanda kilikuwa Japani, wakala wake alikuwa Kinshasa, na kutoka Kindu hadi Kinshasa mwaka wenyewe ungeweza kuisha ukiwa bado njiani. Bosi wangu alizichana kurasa zake akajifutia grisi vidoleni, maana zilikuwa laini kuliko magazeti.

Nasema haya ili ijulikane nilikuwa fundi wa namna gani nilipofika Malawi. Magari nilikuwa nayajua. Dhamana nilikuwa siijui hata harufu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Zaire ikiwa bado inaitwa Zaire. Nilipewa kiwanja Dzaleka, kambi ya wakimbizi, pale palipokuwa zamani gereza, nikafyatua matofali ya udongo na kujijengea chumba kimoja karibu na familia za Warundi. Majirani wale walikuwa wakulima, watu wa kanisa, wapole. Waliniuliza kwetu nililima nini, nikawaambia nililima injini, wakanihurumia. Kambini hakukuwa na gari la kutengeneza. Malori ya mahindi yalikuja na kuondoka na madereva wake, na magari ya ofisi hayakuguswa na mtu kama mimi. Nikawa natengeneza baiskeli. Fundi wa dizeli anayeziba pancha za baiskeli ni mtu mwenye hasira nyingi, na mimi nilikuwa nazo.

Mtu wangu wa pekee katika nchi ile alikuwa yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Alikuwa Lilongwe miaka minane kabla yangu. Aliolewa na mfanyabiashara wa Kimalawi waliyekutana naye Kigoma, wakaishi mtaa wa Area 25, mume akawa na duka. Mwaka ule niliofika, mume alifariki. Ndugu zake walikuja kutoka kijijini, wakakaa matanga, na walipoondoka waliondoka na duka, vitanda na makabati. Pikapu hawakuweza kuichukua, kwa sababu kadi yake ilikuwa na jina la yaya. Ilikuwa mpya kabisa, imenunuliwa kwa wakala wa mjini miezi minne tu kabla ya msiba.

Yaya alijifunza kuendesha ndani ya wiki tatu, akiwa bado katika eda, jambo ambalo Waislamu wenzetu walilisema sana, lakini hakuna aliyemletea hata sahani ya unga. Akawa anakwenda vijiji vya nyuma ya Nathenje kununua maharage na nyanya, na kuwauzia akina mama wa soko la Tsoka. Pikapu ililipa nyumba, ikamlisha, na mara moja kwa mwezi ikamleta Dzaleka kuniona. Alikuwa akikaa juu ya dumu mlangoni pangu, akitazama mistari ya nyumba za udongo na foleni ya bomba. Siku moja aliniambia waziwazi, kwa Kiswahili cha kwetu, "Mi sitalala huku hata siku moja. Ile motokari ikikufa, njo nitakuja." Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka, lakini tulikuwa tunajua kwamba kati yake na kambi hakukuwa na kitu kingine isipokuwa pikapu ile.

Siku hiyo alipoondoka nilisimama kuitazama. Alikuwa amebeba magunia ya mtu hadi mjini, na nyuma ya pikapu ilikuwa imebonyea mpaka tairi zinakaribia kugusa bodi. Niliona huruma, halafu nikaona na nafasi yangu. Niliomba ruhusa ya wiki moja ofisi ya kambi, nikaenda Area 25. Kwa wauza vyuma chakavu wa mji wa zamani nilipata springi za lori lililokufa, nikachagua majani mawili kila upande, nikayakata, nikatafuta boliti ndefu za kuyafunga. Nilichomelea bamba zito chini ya injini. Yaya aliniuliza kama wale waliowauzia gari hawatakasirika. Nilimcheka. Nikamwambia kwamba Wajapani hawaijui njia ya Nathenje.

Pikapu ilisimama nyuma juu, imara, tayari kwa mzigo. Yaya aliizunguka mara mbili, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, na akasema marehemu angefurahi. Tangu nilipoondoka Kindu nilikuwa sijafurahi namna ile. Nilirudi Dzaleka nimevimba kichwa, nikawa nawaeleza Warundi habari za springi, na wao, kwa adabu yao, wakasikiliza.

Miezi michache baadaye aliniita kwa kumtuma mwanamke wa sokoni. Pikapu ilikuwa imezima njiani, imevutwa hadi nyumbani. Niliiwasha, ikanguruma kidogo, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Nilifanya kile ambacho kila fundi wa dizeli hufanya kwanza: nililegeza nati za mabomba ya dizeli ili kutoa hewa. Spana yangu haikulingana sawasawa na nati zile, ikazikwaruza, lakini zililegea. Hewa haikuwamo. Pampu yenyewe ya dizeli ndiyo iliyokuwa imekufa ndani, na pampu ile haifunguliwi uani juu ya gunia. Nilikaa chini kando ya tairi, nikamwambia yaya kwamba hii ni kazi ya wakala, na kwamba wakala atasema tununue pampu mpya, na kwamba sisi pampu mpya hatuiwezi.

Yaya aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Kijitabu cha dhamana kilikuwa kizima, hakijachanwa hata ukurasa. Alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Alisoma polepole, akinitafsiria. Mwaka ulikuwa haujaisha. Ulikuwa umebaki mwezi na siku kadhaa. Pampu ya dizeli ilitajwa kwa jina miongoni mwa vitu ambavyo kiwanda kitabadilisha bure. Nilishangaa kama mtu aliyeambiwa kwamba bahati nasibu ni kweli. Halafu akafika mahali palipoandikwa kwamba dhamana inaweza kukataliwa kwa gari lililobadilishwa au kuongezwa vitu visivyo vya kiwanda. Akasoma sentensi ile mara mbili, bila kuinua macho.

"Mi nitabaambia," akasema. "Springi iko inaonekana. Nitasema mdogo wangu aliongeza, basi."

Hapo ndipo nilipofanya lile ninalolisimulia. Nilikuwa na mwaka mzima na zaidi wa maofisi. Nilikuwa nimehojiwa mpakani, nikahojiwa tena kambini, na kila mara nilikuwa nimeona kwamba watu wa maneno mafupi walipita. Yule aliyeongeza kwa hiari yake kwamba aliwahi kuishi nchi nyingine kabla ya hapa, aliitwa tena na tena, na faili lake likalala. Tulikuwa tukifundishana jambo hili kwenye foleni kama watoto wanavyofundishana Kurani: usiseme ambacho hukuulizwa, na ukiulizwa, jibu linalokuweka mbali na shida. Kwangu mimi ofisi zote zilikuwa ofisi moja. Haikunijia akilini kwamba mtu aliye nyuma ya meza anaweza kuuliza kwa sababu anataka kujua.

"Usiseme, yaya," nikamwambia. "Ofisi haiulizake juu ya kukusaidia. Ukibapa neno moja, banakufunga na lile neno."

"Na bakiuliza?"

"Useme hapana."

Yeye alikuwa ameishi miaka minane kama raia tu, mke wa mtu, anayeingia dukani na kuuliza bei bila kuonyesha karatasi. Hakuwa na hofu yangu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa fundi, na alikubali. Nilitumia siku nzima kuirudisha pikapu ilivyokuwa. Niliyatoa majani yangu yote manne, nikalikata bamba, nikasaga mabaki ya kuchomelea, nikapaka rangi nyeusi pale palipong'aa. Boliti fupi za kiwanda nilikuwa nimezitupa zamani, kwa hiyo nilizirudisha zile ndefu nikitumaini hakuna mtu atakayepima boliti. Vyuma vyote tulivificha jikoni, nyuma ya gunia la mkaa. Yaya alinipikia nsima na usipa, yaani ugali na dagaa wa huko, yeye mwenyewe akala kidogo.

Asubuhi jirani mwenye lori alituvuta hadi kwa wakala. Palikuwa mahali pasafi kuliko hospitali nilimozaliwa, sakafu imepakwa rangi, mafundi wamevaa ovaroli zenye mikunjo ya pasi. Binti wa mapokezi alimpa yaya fomu. Swali la sita au la saba liliuliza kama gari limewahi kubadilishwa au kuongezwa kitu. Yaya alishika kalamu juu ya swali lile, akanigeukia. Mimi nilikuwa nikiitazama kalenda ya matairi ukutani kwa makini makubwa. Akaandika hapana, akaweka sahihi.

Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa Karonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, na alipotusikia tukisemezana alifurahi, akatusemesha Kiswahili cha upande wa Mbeya. Alimwita yaya mama. Alimpa pole ya mumewe, maana alimkumbuka siku aliyokuja kuchukua gari. Kisha akachukua taa, akalala chini ya pikapu, akakaa huko muda mrefu. Alifungua boneti, akainama juu ya pampu, akatazama nati zile nilizozikwaruza. Alikuja akijifuta mikono.

"Mama," akauliza, "gari hili limewahi kuongezwa kitu chochote?"

"Hapana."

"Hata springi?"

Leo najua kwamba alikuwa anatufungulia mlango, tena ameushikilia kwa mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini, na alimtazama yaya peke yake. Yaya alinitupia jicho. Nilitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha mtu anayefukuza nzi.

"Hapana," akasema yaya.

Basi akatuomba tushuke kwenye shimo la karakana, akatuonyesha. Kwenye springi za kiwanda kulikuwa na alama safi, yenye umbo la jani jingine lililokuwa limekaa juu yake miezi mingi na kuizuilia vumbi. Boliti zilizidi kwa urefu wa vidole vitatu. Mahali pa bamba aligusa kwa kidole, na kidole kikatoka cheusi, kwa sababu rangi yangu ilikuwa bado haijakauka. Alinionyesha kidole kile. Hakucheka, na ningependa angecheka.

Nilimwambia yote. Niliyamwaga pale shimoni bila hata kupumua: Kindu, majani manne, bamba, siku nzima ya kuyatoa, kwamba wazo lilikuwa langu na kwamba dada yangu alitaka kusema ukweli tangu jana. Yaya alikuwa amesimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka shimoni, akamsaidia yaya kupanda.

"Springi haziui pampu," akasema. "Dhamana haifi yote kwa sababu ya kitu kimoja. Umeongeza springi, ekseli ikivunjika nitakukatalia, kwa sababu umeibebesha. Fremu ikipinda nitakukatalia. Lakini pampu ya dizeli haijui nyuma kuna majani mangapi. Mngekuja nazo zimefungwa vilevile, ningeandika kwamba zipo, na pampu ningeibadilisha."

Nikamwuliza, basi kwa nini asiibadilishe sasa.

Alinipeleka kwenye injini, akanionyesha mikwaruzo ya nati. Nikamwambia nilikuwa natoa hewa, pampu sijaigusa. Alisema kwamba yeye ananiamini, maana hata yeye angefanya hivyo. Lakini kiwandani hawatamwona wala hawatanisikia. Watapokea fomu iliyosema hakuna kilichoguswa, na watapokea maelezo yake kwamba springi ziliongezwa na kufichwa, na picha ya nati zilizokwaruzwa kwenye pampu. Fundi aliyeficha springi, kwa nini asiwe amefungua pampu? Hilo ndilo watakalouliza, na yeye hatakuwa na jibu. Nikamwomba asiziandike springi basi. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyenipenda. Alisema angeweza kuziandika, na angeweza kutetea, lakini kuzificha pamoja nasi hakuweza, kwa sababu naye ana watoto.

Nilikuwa na hasira naye njia nzima ya kurudi, na yaya hakuwa na hasira na mtu yeyote, au hakunionyesha. Alikaa mbele na jirani wa lori wakizungumza Kichewa habari za mvua. Mimi nilikuwa ndani ya pikapu inayovutwa, nikishika usukani wa gari lisilowaka. Kufika mjini kati hasira ilikuwa imekwisha na imebaki aibu, ambayo ni nzito zaidi kwa sababu haina wa kumtupia.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa wakala peke yangu. Nilitoka Dzaleka alfajiri, bila ruhusa, nikapanda nyuma ya lori la tumbaku hadi mjini. Nilikuwa nimemwomba mwalimu mmoja wa kambini aniandikie barua kwa Kiingereza, kwamba mimi, fundi, ndiye niliyebadilisha gari na kuficha, na mwenye gari hana kosa. Nilikuwa nimeweka sahihi na dole gumba, vyote viwili, ili pasibaki shaka. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hii ni barua nzuri," akasema. "Lakini dhamana ni ya kiwanda na mwenye gari. Wewe jina lako halimo humo. Huwezi kuipoteza, na huwezi kuirudisha."

Alinipa chai. Alinieleza wapi ningeweza kutafuta pampu iliyotumika, akaniandikia na namba yake kwenye kipande cha karatasi. Nilitafuta pampu ile kwa majuma matatu katika vyuma chakavu vyote vya mji wa zamani, na nyuma ya gereji za Wahindi, na mara moja nilifika hadi Nathenje kwa sababu mtu aliniambia kuna pikapu iliyopinduka. Ilikuwa ya petroli. Wakati huo wote akina mama wa Tsoka walikuwa wakinunua maharage kwa watu wengine, kwani mteja wa nyanya hawezi kumngoja mtu majuma matatu.

Yaya aliiuza pikapu ikiwa imesimama, kwa mtu wa Area 25 aliyekuwa na pampu ya namna ile katika gari jingine lililogongwa. Mtu huyo aliipachika siku mbili tu baadaye, ikawaka. Niliiona kwa macho yangu ikipita sokoni, imebeba saruji, nyuma imebonyea. Fedha ilimsogeza yaya miezi michache, kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake.

Alikuja Dzaleka siku ya Jumanne mchana, nyuma ya lori la mahindi, na godoro, sanduku moja na sufuria zilizofungwa kwa kanga. Warundi walinisaidia kushusha, wakamsalimia kwa heshima, wakaondoka haraka kwa sababu waliona uso wangu. Yaya aliingia chumbani mwangu, akainama kwa sababu mlango niliujenga mfupi, akatazama paa la nyasi na plastiki, akatazama spana zangu zilizotundikwa ukutani. Nilianza kusema kwamba nitatafuta kazi mjini, kwamba mambo yatakuwa mazuri, nikasikia sauti yangu inavyodanganya, nikanyamaza.

"We njo uliniambia niseme hapana," akasema, bila kupaza sauti. "Sasa nionyeshe fasi ya kulala."

Nilimwonyesha kitanda changu. Nikatandika godoro lake juu yake, nikalitandaza shuka, nikautoa mkeka wangu na kuuweka chini karibu na mlango.